Bango la konferensi: namna ya kuliandaa bila kulilia steshenari usiku

Wadau mwangaluka. Najua kuna mtu hapa kaandika abstrakti yake (muhtasari wa utafiti) ya konferensi, imekubaliwa, kafurahi, kaweka mpaka status, halafu karudi kuisoma ile imeili vizuri akakuta hajapewa nafasi ya kuongea jukwaani, kapewa bango, yaani lile karatasi kubwa la utafiti wako unalolibandika ubaoni ukasimama pembeni yake. Wengi hapo wananuna. Usinune aisee. Jukwaani unapewa dakika 10 na nusu ya ukumbi wako kwenye simu, lakini mtu aliyesimama mbele ya bango lako kaja kwa miguu yake mwenyewe, anakuuliza maswali, anakupa namba yake, mimi kazi yangu ya kwanza ya kukusanya data nje ya Mwanza niliipata nikiwa nimesimama pembeni ya bango na kikombe cha chai mkononi.

Kwanza jina. Wengine wanaita posta, mimi nasema bango, mana ukimwambia bodaboda wa Nyegezi "nipeleke nikachukue posta yangu" anakupeleka Posta mjini kabisa na hela yake anataka.

Sasa makosa yangu ili usiyarudie. Bango langu la kwanza lilikuwa la dagaa, nilikuwa nimefanya utafiti wa ukaushaji kwenye mialo, wale wanaoanika mchangani na wale wanaoanika juu ya vichanja. Nilichofanya ni kuchukua ripoti nzima nikaanza kukata na kubandika, utangulizi wote, mbinu zote, majedwali tisa, herufi size 18, likajaa mpaka pembeni. Nilijisikia msomi kweli. Siku ya siku akaja profesa mmoja mzee, akasoma kichwa cha habari, akaangalia ule ukuta wa maneno, akaniuliza "kijana, kwa hiyo umegundua nini?" Nikaanza "Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 na linamilikiwa na nchi tatu..." Mzee akageuza macho kwenye meza ya maandazi. Ndo ikawa basi.

Kwa hiyo kabla hujafungua laptopu tafuta sentensi yako moja. Sio mada, sentensi. "Ukaushaji wa dagaa Mwanza" ni mada, haina kitenzi, haimwambii mtu chochote. Sentensi ni ile unayoweza kumwambia mtu asiye wa fani yako akajibu kitu. Mimi yangu ilinijia Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, nilirudi kuwaaga akina mama walionisaidia kwenye dodoso, mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umetuhoji miezi miwili, umepata nini?" Nikamwambia mama, nimeona dagaa wa kichanjani wanatoka wasafi, hawana mchanga, wanapata bei nzuri kuliko wa chini. Akacheka. "Hilo si tunalijua? Sisi tuambie kichanja kinarudisha hela yake lini." Na jibu nilikuwa nalo! Lilikuwa kwenye jedwali la saba, nimelifukia huko hakuna anayelifikia. Bango la pili nilipotengeneza, swali la yule mama ndo likawa kichwa cha habari, jibu likakaa katikati kwa herufi kubwa, na majedwali nane nikayaacha nyumbani.

Kuna jamaa Mmarekani anaitwa Mike Morrison, alikuwa anasoma PhD ya saikolojia, mwaka 2019 alileta mtindo wa bango ambalo katikati kuna sentensi moja kubwa ya matokeo kwa lugha ya kawaida, pembeni ndo maelezo madogo, na kimraba cha QR cha kuskani kwa simu kwa anayetaka zaidi. Watu waligawanyika, wengine wakasema hilo ni tangazo la sabuni sio sayansi. Mimi niko katikati, sentensi kubwa naiweka ila grafu yangu kuu lazima iwe kubwa pia, mana mtu wa fani yako akikuta sentensi bila ushahidi atakuona muhubiri.

Haya, tuingie jikoni. Kitu cha kwanza kabisa ni kusoma maelekezo ya waandaaji, vipimo na hasa bango linasimama au linalala. Wengi wanataka A0, ambayo ni sentimita 84.1 kwa 118.9, ila wapo wa A1 (nusu yake) na wapo wenye vipimo vyao. Nimeshaona dada mmoja kaleta bango la kulala, ubao wao ni mwembamba wa kusimama, bango likawa linaning'inia nje pande zote mbili kama bendera, na jirani yake akawa analalamika kafunikiwa grafu. Kama maelekezo hayasemi, waandikie imeili uulize, hawagombi.

Programu gani? Hapa watu watakutajia Illustrator, Inkscape, LaTeX, Canva. Kama unaijua tumia. Kama huijui usijifunze wiki ya dedilaini, PowerPoint inatosha kabisa. Ila seti ukubwa wa slaidi KABLA ya kuweka chochote, ingia Design, kisha Slide Size, kisha Custom, andika sentimita zako. Ukianza na slaidi ya kawaida halafu mwisho ndo ubadilishe, vitu vyote vinavutika, duara linakuwa yai, nembo ya chuo inakuwa imenenepa, na wakubwa wa chuo wanaona nembo kabla ya kitu kingine chochote. PowerPoint mwisho wake ni kama sentimita 142 upande mmoja kwa hiyo A0 inaingia bila shida.

Mpangilio, kwa bango la kusimama mimi natumia safu mbili au tatu, msomaji anashuka chini kisha anahamia kulia kama anavyosoma gazeti. Usimfanye azunguke, mishale ya kuonyesha "soma hapa kisha rudi kule" ni dalili kwamba mpangilio umekushinda. Utangulizi sentensi tatu nne. Mbinu fupi, tena kama unaweza ifanye picha, ramani ndogo ya ziwa yenye nukta za mialo uliyofika inaokoa aya nzima. Matokeo ndo yapewe kiwanja, hata nusu ya bango. Hitimisho sentensi mbili, moja ikiwa ni nani afanye nini na haya uliyoyapata. Abstrakti usiiweke kabisa kama hawajaidai, bango lenyewe ni muhtasari, unawekaje muhtasari wa muhtasari. Maneno yote najilazimisha yasizidi 400 na kitu, inauma lakini inawezekana.

Herufi: kichwa cha habari size 85 kwenda juu, mtu akisome akiwa mita tano huko anapita. Vichwa vidogo 40 mpaka 50, maelezo ya kawaida yasishuke chini ya 24, mimi napenda 28 au 30. Fonti moja au mbili basi, za kawaida. Usiandike kichwa chote kwa herufi kubwa kama tangazo la mnada, inachosha macho.

Na kuna jaribio moja rahisi ambalo halina gharama, printi bango lako lote kwenye karatasi ya A4. A0 ikiingia A4 kila upande unapungua mara nne, maana yake herufi ya 24 inakuwa 6. Karatasi hiyo ukiishika mkononi ukaweza kuisoma bila kukunja uso basi bango kubwa litasomeka. Ukishindwa, ongeza. Mpe na mtu wa miaka hamsini na kitu aisome, mana majaji wengi ndo umri huo.

Grafu ndo sehemu watu wanajiharibia. Ile unayoitoa kwenye ripoti ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani na A4, kwenye bango inabidi uitengeneze upya. Mistari minene, namba kubwa, ondoa mistari ya nyuma inayokatiza, ondoa 3D jamani, 3D inadanganya urefu wa nguzo. Badala ya kuweka kile kisanduku cha rangi pembeni ambacho mtu anakuwa anaenda na kurudi "bluu ni nini, kijani ni nini", andika jina palepale kwenye mstari, "kichanja" huku, "mchanga" huku. Na juu ya grafu usiandike "Kielelezo 2: uhusiano kati ya X na Y", andika kile inachoonyesha. Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha vitu, kuna wanaume wengi tu hawazioni tofauti hizo mbili, tumia bluu na machungwa, au mmoja mstari mzima mwingine wa vidoti. Kama unatumia R, ile programu ya takwimu, isevu kama SVG au PNG ya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), usipige skrinshoti. Nasema tena, usipige skrinshoti.

Picha sasa. Unaikuta picha nzuri kweli ya mitumbwi na taa za dagaa usiku, umetumiwa WhatsApp na rafiki yako wa Ukerewe, kwenye simu inang'aa, ukiiprinti kubwa inakuwa vimraba vimraba. WhatsApp inabana picha. Mwambie akutumie kama dokumenti, au kwa imeili. Hesabu yake ni hii, bango linahitaji angalau pikseli 150 kwa kila inchi, kwa hiyo picha itakayokaa upana wa sentimita 40 inataka kama pikseli 2,360 kwa upana, picha ya sentimita 20 nusu ya hapo. Bofya kulia kwenye faili uangalie pikseli zake kabla hujaipenda. Na kama ndani ya picha kuna sura ya mtu, mvuvi, mgonjwa, mtoto, hakikisha alikubali picha yake itumike hivyo, sio kukubali kuhojiwa tu. Hasa nyie mnaofanya mambo ya hospitali na kichocho huko visiwani, kibali cha maadili kiwepo na namba yake iandikwe chini kwa herufi ndogo, kuna watu wanaiangalia hiyo kwanza.

PowerPoint nayo kwa kawaida inabana picha ukisevu bila kukuambia, ingia Options, Advanced, weka tiki kwenye ile ya kutokubana picha kwenye faili. Fanya mwanzoni, ukifanya baadaye picha zilishabanwa huwezi kuzirudisha, labda uziweke upya.

Rangi za nyuma, weka nyeupe au ya kufifia sana. Najua unataka bluu ya ziwa. Bluu unayoiona kwenye skrini inatengenezwa kwa mwanga, mashine inatumia wino, ile bluu kali ikitoka inakuwa imepoa, saa nyingine inaelekea zambarau. Na picha ya machweo ya Jiwe la Bismarck pale ziwani Mwanza nyuma ya maandishi, hapana, ni nzuri kwenye kalenda, juu yake maandishi hayasomeki.

Kile kimraba cha QR kifanye kisipungue sentimita 5, kipe nafasi nyeupe kuzunguka, na kipeleke kwenye kitu ambacho kipo kweli, PDF ya bango au makala. Zile saiti za bure nyingine zinakutengenezea halafu baada ya wiki mbili zinakudai hela ndo kifunguke, chagua inayoweka linki yako moja kwa moja. Kijaribu na simu mbili tofauti kikiwa kwenye karatasi. Imeili yako iandike pia, ukumbi una watu mia tatu na intaneti ni ya kugombania.

Sapavaiza mpe wiki mbili kabla. Atalisoma usiku wa mwisho, tunajua, lakini umempa. Waandishi wenza wote walione na majina yao yaandikwe wanavyoyaandika wenyewe, nimeshuhudia ugomvi wa herufi moja ya jina ukadumu kuliko mradi.

Sasa faili likiwa tayari lisevu PDF. Hapa ndo kilio changu. Mara ya kwanza nilipeleka PowerPoint kwenye flashi, steshenari moja mjini, saa kumi na moja jioni, basi langu linaondoka Nyegezi alfajiri. Kompyuta yao haina fonti niliyotumia, ikabadilisha yenyewe, maandishi yakamwagika nje ya visanduku, kijana akaniambia "bro, hata hivi si inasomeka?" Tukaanza kurekebisha palepale, umeme ukakatika. Ulirudi saa tatu usiku. Nilisafiri mpaka Dodoma na bango ambalo neno la mwisho la hitimisho halipo. PDF inabeba fonti zake, ukiifungua popote iko vilevile, na ukifika kwao ifungue, ivute mpaka asilimia 100, zunguka kona zote nne kabla hujasema sawa, piga.

Printi siku tatu kabla. Siku moja ya umeme kukatika, moja ya wino kuisha, moja ya wewe kugundua umeandika "samaki" mara mbili. Kuchagua cha kuprintia, una karatasi na una flex, ile ya mabango ya harusi na kampeni. Karatasi inatoa picha safi zaidi, chukua isiyong'aa mana inayong'aa inaakisi taa za ukumbini mtu anajiona mwenyewe badala ya grafu yako. Flex kwa kawaida ni bei rahisi, haichaniki, mvua haiiwezi, ila herufi ndogo zinafifia kidogo na ikiwa mpya inanuka. Kwa mkutano wa ndani ya nchi na safari ya basi mimi nachukua flex bila aibu. Bei ya flex inahesabiwa kwa mita ya mraba na A0 ni mita moja ya mraba kamili, hiyo ndo maana yake, kwa hiyo ukitajiwa hesabu ya mita mbili uliza hiyo nyingine ni ya nani (ingawa kuna wanaohesabu upana wa roli, hapo elewaneni mapema). Acha sentimita 2 au 3 tupu pembeni kote, na waambie wasikunje kingo wala kutoboa yale matundu ya vyuma, wakizoea mabango ya barabarani wanatoboa tu kwa mazoea, tundu linapita kwenye jina la mfadhili wako.

Kusafirisha usinunue mfuko maalumu. Nenda hadweya ukatiwe bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 95 hivi, na vifuniko viwili. Bango linaviringishwa kwa ule upande wa 84 linaingia lote, maandishi yatazame nje, ukilifungua linajilaza lenyewe ukutani badala ya kujikunja kukuelekea. Kwenye basi usikubali liende buti, kondakta atakuambia "weka tu huko", huko kuna magunia. Ndege, piga simu uulize kwanza, bomba la mita moja wengine wanalihesabu kama mzigo wa pili. Na ile PDF iwe kwenye imeili yako pia. Bomba likipotea kabisa, A0 ni A4 kumi na sita, tafuta printa yoyote, gundi, rula, saa moja umeshapata bango. Litakuwa na mishono, sawa, ila lipo. Beba pini zako, masking tepu na mkasi, pini za waandaaji zinaisha kwa waliofika asubuhi.

Ukumbini simama pembeni ya bango, usisimame mbele ukalificha, na usikae kwenye kiti ukichati. Mtu akisogea mpe sekunde kadhaa asome mwenyewe, kisha salimia. Usimuulize "nikueleze?", atasema hapana asante. Muulize yeye anafanya nini, halafu anzia pale kazi yake inapogusa yako. Andaa maelezo ya dakika mbili na ya sekunde thelathini, yafanyie mazoezi kwa sauti, nyumbani walinicheka lakini nilifanya. Bango hata kama ni la Kiingereza, ongea Kiswahili na anayeongea Kiswahili, utaona swali zuri linakuja haraka. Kuwa na karatasi za A4 chache za kugawa, ile ya majaribio yako ya kusoma inafaa hapo. Na daftari, kila anayekuuliza kitu cha maana andika swali lake akishaondoka, mimi sura nzima ya majadiliano ya makala yangu ilitoka kwenye maswali kumi na moja ya siku hiyo.

Ukirudi, lisife chini ya kitanda. Mimi nilitengeneza toleo la Kiswahili, likaenda kwenye ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya mwalo mmoja niliofanyia kazi, lile la Kiingereza la flex nikampa yule mama wa Mwaloni kama kumbukumbu. Wiki mbili baadaye mvua ya ghafla ilipiga, napita pale nakuta kaligeuza, upande mweupe chini, limefunika dagaa wake kichanjani, grafu yangu inatazama mawingu. Nikamuuliza mama, linafaa? Akasema "linafaa mwanangu, ila ungeprinti kubwa zaidi."